Chungu cha Chuma na Mfuko wa Kuokea

Mwalimu wa Kiswahili anayesomesha habari za mapishi ya ng'ambo hukutana na vyombo viwili ambavyo wanafunzi wengi hawavioni jikoni kwao. Cha kwanza ni chungu kizito cha chuma chenye kifuniko, ambacho kwa Kiingereza huitwa tanuri la Kiholanzi. Cha pili ni mfuko mwembamba wa plastiki ambao hutiwa nyama, ukafungwa, ukaingizwa katika tanuri. Vyote viwili husifiwa kwa jambo moja, nalo ni kwamba nyama iokwayo humo haikauki. Katika makala haya tumekusudia kueleza asili ya kila kimoja, kisha tuvilinganishe, kwa kuwa kufanana kwao huficha tofauti iliyo kubwa.

Kwanza tulitazame tatizo lenyewe. Nyama ikiwekwa penye moto mkavu hupoteza maji yake. Ikifunikwa, mvuke huzuiliwa na nyama hulainika. Lakini maji huchemka kwa digrii 100 za sentigredi, na nyama iliyolowa haipati joto kubwa zaidi ya hapo kwa juu. Rangi ya hudhurungi na ile harufu ya kitu kilichookwa huhitaji joto la digrii 140 hivi. Kwa hiyo mpishi hana budi kupatanisha unyevu na ukavu, na kila chombo cha kuokea ni jaribio la kufanya upatanisho huo.

Historia ya chungu cha chuma huanzia Uingereza. Abraham Darby, aliyezaliwa mwaka 1678, alikuwa mfua shaba nyeupe katika mji wa Bristol. Mwaka 1704 alisafiri hadi Uholanzi, ambako mafundi walikuwa wamebobea katika kusubu vyombo vya shaba. Shaba ilikuwa ghali, naye akatamani kutengeneza vyungu vya chuma ambavyo watu wa kawaida wangeweza kuvinunua. Mwaka 1707 alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga badala ya kalibu za udongo. Miaka miwili baadaye, yaani 1709, huko Coalbrookdale, alifaulu kuyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili kuondolewa uchafu wake. Wanahistoria huihesabu kazi hiyo miongoni mwa misingi ya mapinduzi ya viwanda. Mjukuu wake, aliyeitwa pia Abraham Darby, ndiye aliyejenga karibu na hapo lile daraja mashuhuri la chuma, lililokamilika mwaka 1779. Ni vema wanafunzi wajue kwamba kabla ya daraja palikuwa na chungu.

Kuhusu jina, wako wasemao kwamba ni kumbukumbu ya ufundi uliotoka Uholanzi. Wengine husema kwamba wachuuzi wa Kiholanzi ndio walioviuza vyungu hivyo katika makoloni ya Amerika. Lakini neno la kuzingatia zaidi ni lile la "tanuri". Kwa nini chungu kiitwe tanuri? Jawabu ni kwamba nyumba nyingi za zamani hazikuwa na tanuri lolote. Watu walipika kwenye meko. Huko Amerika chungu kikafanywa kiwe na miguu mitatu ili makaa yakae chini yake, na kifuniko kikawekewa ukingo ili makaa mengine yakae juu bila kuporomoka. Kwa moto wa juu na wa chini, mtu aliweza kuoka mkate au nyama hata akiwa safarini porini. Jimbo la Utah nchini Marekani lilikifanya chungu hicho kuwa chombo chake rasmi cha kupikia mwaka 1997. Ufaransa nayo ilikipamba: kiwanda cha Le Creuset, kilichoanzishwa mwaka 1925, kilijulikana kwa vyungu vya chuma vilivyopakwa rangi ya kung'aa.

Ufundi huo si mgeni katika lugha yetu. Kiswahili kina kitenzi "kupalia", yaani kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko ili chakula kiive kwa juu pia. Mpishi wa pwani apaliaye wali au mkate wa kumimina hufanya kazi ile ile, ijapokuwa sufuria yake ni nyepesi.

Mfuko wa kuokea una nasaba nyingine, nayo ni ya majani. Hapa Uganda tunajua luwombo: jani la mgomba hupitishwa motoni mpaka likanyauka, likatiwa nyama na mchuzi, likafungwa na kupikwa kwa mvuke. Masimulizi ya Buganda hukinasibisha chakula hicho na mpishi wa Kabaka Mwanga, mwaka 1887. Wafaransa nao hufunga samaki katika karatasi na kumwoka humo. Mwaka 1911 mpishi Nicolas Soyer alichapisha kitabu kizima juu ya kupika katika mifuko ya karatasi. Kisha ikaja kemia. Mwaka 1941 Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, walivumbua nyuzi za poliesta, na baadaye ikawezekana kutengeneza utando mwembamba wa plastiki usioyeyuka katika joto la tanuri. Mifuko ya poliesta au nailoni ya kuokea ikaenea katika maduka ya Marekani kuanzia miaka ya 1970.

Mfuko huo una masharti yake. Kwa kawaida joto lisizidi digrii 200 hivi. Hutiwa kijiko cha unga ili usipasuke. Hutobolewa kidogo kwa juu ili mvuke upate njia. Na usiguse kuta za tanuri. Ukifuatwa vema, nyama huiva upesi, huwa laini, na tanuri halichafuki. Ngozi ya kuku hupata rangi kiasi, lakini haiwi kavu ya kukatika kwa meno. Chungu hushinda hapo, kwani mpishi anaweza kuikausha nyama kwanza kwa mafuta, akafunika, na mwishoni akafunua. Tena chuma huhifadhi joto muda mrefu hata moto ukipungua. Aibu yake ni uzito, bei, na kutu kikiachwa na maji, isipokuwa kile kilichopakwa rangi ya kukikinga.

Hata hivyo, tofauti iliyo kubwa haimo katika ladha. Chungu ni tanuri la mtu asiye na tanuri. Mfuko ni msaada wa mtu ambaye tayari analo. Mwenye jiko la makaa tu, kama zilivyo nyumba nyingi za wanafunzi wetu, hawezi kuutumia mfuko, kwani makaa yatauyeyusha. Lakini chungu atakipalia na kula mkate. Tena mfuko hutumika mara moja ukatupwa, na plastiki yake haiozi kama jani la mgomba. Chungu hurithiwa na mjukuu.

Kwa sababu hiyo tunawashauri walimu wenzetu wasiridhike kutafsiri jina "tanuri la Kiholanzi" na kuendelea na somo. Mwanafunzi atadhani ni jumba la matofali lililoko Uholanzi. Kwanza aelezwe kazi ya chombo, kisha apewe neno la kwao linalofanana nayo. Akiambiwa kwamba ni chungu cha chuma cha kupalia, na kwamba mfuko ni jani la luwombo lililofanywa kwa plastiki, ataelewa mara moja, na atajua pia kwamba lugha anayojifunza ilikuwa na maneno ya kazi hizo tangu zamani.