Uluguru: Mwamba Wenye Umri wa Aina Mbili

Kule Mgeta, juu ya mji wa Morogoro, chini ya matuta ya kabichi na njegere, kuna mwamba wa kijivu hafifu uitwao anothositi. Karibu wote ni madini ya feldispa. Zamani ulikuwa uji wa moto uliopanda kutoka chini ya gamba la dunia, ukajipenyeza kwenye miamba iliyoutangulia, ukaganda humohumo bila kufika juu ya ardhi. Baadaye ulizamishwa zaidi ya kilomita 30 na kupikwa upya hadi madini yake mengi yakabadilika.

Mwamba uliopikwa mara mbili utaulizwaje umri wake? Anayejibu ni zirikoni, chembe ndogo kuliko punje ya mchanga. Inapoumbika hupokea urani kidogo, lakini huikataa risasi. Kwa hiyo risasi inayokutwa ndani yake karibu yote imetokana na urani iliyooza, na kasi ya kuoza inajulikana: nusu ya urani-238 huisha kwa miaka bilioni 4.47. Joto linaloyeyusha majirani zake, zirikoni hulistahimili. Mara nyingi hujiongezea ganda jipya tu, na moyo wa kale ukabaki ndani.

Hapo ndipo penye mtego. Ukiiyeyusha chembe nzima maabara, moyo na ganda huchanganyika, na unaweza kupata umri usiokuwa wa tukio lolote. Mwaka 1994 Sospeter Muhongo, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Lenoir, walichapisha umri wa zirikoni za Uluguru: takriban miaka milioni 695 kwa anothositi, na takriban milioni 640 kwa mgeuko, yaani kule kupikwa upya. Baadaye vikaja vifaa vya mwale wa ioni, unaochoma doa dogo kwenye chembe iliyokatwa na kung’arishwa. Baadhi ya mioyo ya zirikoni za anothositi katika ukanda huu wa mashariki ya Tanzania ikatoa umri unaokaribia miaka milioni 900. Mimi naegemea umri huo wa mioyo. Hata hivyo kazi ya 1994 ndiyo iliyofungua mlango, na milioni 640 yake imesimama imara mpaka leo.

Tukio hilo la milioni 640 ni kubwa kuliko Morogoro. Vipande vya mabara viligongana na kuungana kuwa bara kuu la Gondwana, na mshono wake ni ule ambao mwanajiolojia Arthur Holmes aliuita Ukanda wa Msumbiji mwaka 1951. Unatoka Msumbiji, unapita Tanzania na Kenya, ukaelekea Ethiopia. Holmes mwenyewe alikwenda Msumbiji kutafuta madini akiwa kijana, mwaka 1911, mwaka uleule alipochapisha umri wa mwamba wa Norway kwa kupima urani na risasi.

Wengi huchanganya umri wa mwamba na umri wa mlima. Milima ya Uluguru tunayoiona iliinuliwa baadaye sana, ardhi ilipopasuka na vipande vyake kupandishwa, mmomonyoko ukachonga kilichobaki. Miamba tunayoikanyaga Mgeta ilikuwa kilindini muda mrefu kabla ya kilele chochote. Na rubi wanazochimba watu wa Matombo, upande wa mashariki, zimo ndani ya marumaru iliyopikwa katika mgongano huohuo.