Nyimbo za Kihaya Tulizozionea Haya

Leo tuwapeleke huku kwetu ziwani, Bukoba na Muleba. Bibi harusi akija kupimwa gauni, tukishamaliza mabega na kiuno, hufika swali linalozua ugomvi kuliko bei ya shela: ataingia ukumbini na wimbo gani? Mama anataka huu, wifi anataka ule, shangazi amenuna kwenye benchi. Sisi tulio kwenye miaka ya thelathini tumeona ugomvi huo ukibadilika sura mara kadhaa, maana hata masikio yetu wenyewe hayajatulia.

Mama zetu walikuwa watu wa taarabu. Huku bara tuliisikia redioni, na ilikuwa imetoka mbali. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na sauti yake ikasambaa kwa santuri pwani yote. Uislamu nao ulitufikia kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani, waliokuwa na kituo Kafuro, Karagwe, katika karne ya 19. Kwa hiyo kwa Mwislamu wa Bukoba chochote cha pwani kilikuwa na heshima yake. Sisi watoto tulidhani taarabu ni nyimbo za dini, kwa ajili ya vile vinanda na kupandisha sauti Kiarabu. Tulipokua tukayaelewa maneno, tulitazamana tukanyamaza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akatokea Saida Karoli, binti wa kwetu Bukoba, anaimba kwa Kihaya ngoma mkononi. Albamu yake ya Maria Salome, ambayo wengi waliijua kwa jina la Chambua Kama Karanga, ilipigwa nchi nzima. Watu wa Dar es Salaam na Mwanza wasiojua neno moja la Kihaya waliiimba hadi mwisho. Mngetegemea sisi tutembee vifua mbele. Nyumbani, kweli, tulicheza mpaka vumbi likatimka. Lakini tulipoingia sekondari mambo yakageuka. Kilugha kilikatazwa, wenzetu wa mjini walituigiza lafudhi, na msichana aliyetaka kuonekana ameendelea alisikiliza Lady Jaydee na Ray C, au Jose Chameleone kutoka kwa majirani zetu Waganda. Ukiulizwa unampenda nani, Saida humtaji. Kanda yake ilibaki kwa mama, na sisi tukasema ni muziki wa wazee. Wazee gani, na miaka mitatu tu imepita!

Tukajifunza cherehani, tukaanza kushona za harusi, na hapo tukakuta zamu ya taarabu ya kisasa. Jahazi ya Mzee Yusuf ilitawala sherehe za akina mama. Tulizipenda, tusidanganye. Tulishona gauni za sare kwa ajili ya kwenda kutunza tu. Ila mipasho ina shida yake: unamcheza jirani yako huku yeye yuko meza ya pili, na kesho ndiye utakayemwomba chumvi.

Mwaka 2016 ndio uliotuyumbisha. Agosti Mzee Yusuf alitangaza kuacha muziki na kumrudia Mola wake. Baadaye alirejea jukwaani, na hilo ni lake na Mola wake, lakini siku zile wengi wetu tulijiuliza. Kisha Jumamosi ya tarehe 10 Septemba, alasiri, ardhi ya Kagera ikatetemeka. Watu 17 walifariki na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka. Idi Kubwa ilikuwa mlangoni, na kuna walioiswali wakiwa wanalala nje. Harusi zilisogezwa. Nguo zilikaa kwetu zimetundikwa, hakuna wa kuzifuata.

Na mwezi uleule Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa Salome. Wimbo wetu! Umepakwa rangi mpya, maneno mengi ya Kiswahili, lakini kiini ni cha Saida. Ghafla mabibi harusi waliokuwa wanaona aibu kutamka neno la Kihaya mbele ya wakwe wakaja kuuomba. Tulifurahi, halafu tukaona aibu ya aina nyingine: ilibidi mtu wa mbali aseme kizuri ndipo na sisi tuone. Mwaka uliofuata Saida mwenyewe alirudi na Orugambo, neno letu la maneno ya watu. Safari hii hatukuzima redio wageni walipoingia.

Sasa wengi wanataka kaswida na dufu, wanawake peke yao, bila spika za kutikisa paa. Wanachuoni wamehitilafiana kuhusu ala, na sisi mafundi nguo hatutoi fatwa. Lakini tunaipenda hadithi ya Rubayyi bint Muawwidh iliyomo katika Sahihi Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliingia kwake siku ya harusi, na wasichana walikuwa wakipiga dufu wakiwataja wazee wao waliouawa Badri. Mmoja alipochomeka maneno ya kumsifu Mtume kwa jambo la ghaibu, alimwambia aache hayo, aendelee na aliyokuwa akiimba. Yaani waliendelea kuimba habari za watu wao.

Tulimkumbusha hadithi hiyo binti mmoja wa Kamachumu aliyekuja kushonesha. Yeye alitaka kaswida tupu kutoka kwenye simu. Bibi yake alitaka zile nyimbo za kumuaga omugole, za mdomo na makofi, zilizoimbwa hata kabla ya redio. Mama mtu alikuwa katikati, hajui amuunge nani. Walibishana dukani mpaka chai ikapoa. Mwisho bibi akachoka kubishana, akaanza kuimba palepale, polepole, amekaa, anapiga paja kwa kiganja. Binti hakuyajua maneno yote. Alirudia mwisho wa kila mstari, halafu akatuomba tumpandishie pindo nchi moja, asije akalikanyaga akicheza.