Simu Mikononi mwa Vijana wa Kamenge

Kamenge iko kaskazini mwa Bujumbura, nchini Burundi, katika komuni ya Ntahangwa, imepakana na Ngagara, Cibitoke na Kinama. Swali la iwapo mzazi amnunulie mwanawe simu janja lilichelewa kufika huko, na halikuja kwa sura ile ya Nairobi au Dar es Salaam. Kwingi duniani wazazi hubishana kuhusu usingizi, masomo na picha chafu. Kamenge nako hayo yapo, ila yamefunikwa na jambo zito zaidi: nani ndani ya nyumba anasikia habari gani, na habari hiyo inaweza kuiletea familia nini.

Kabla ya simu ilikuwepo redio. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 redio ya taifa ndiyo iliyosikika karibu kila ua, na redio ina tabia moja ambayo simu haina: haimsemeshi mtu mmoja. Baba, mama, watoto na mpangaji wa chumba cha nyuma walisikia maneno yale yale kwa wakati ule ule, na mkubwa aliweza kuizima. Mamlaka ya mzazi juu ya habari yalikuwa kitufe kimoja tu.

Kisha vita vikaingia. Melchior Ndadaye, rais aliyechaguliwa Juni 1993, aliuawa tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo, na mitaa ya Bujumbura ikaanza kugawanyika kikabila. Watutsi waliokuwa wakiishi Kamenge walihama, na mtaa ukabaki wa Wahutu na kuhesabiwa ngome ya waasi. Katikati ya 1995 jeshi liliuzingira, wakazi wakakimbia, wengine milimani, wengine Zaire. Familia zilizotawanyika hivyo zilitafutana kwa barua za Msalaba Mwekundu, karatasi zisizofungwa ambazo ziliruhusiwa kubeba salamu na habari za nyumbani tu, na kwa matangazo ya BBC ya Kirundi na Kinyarwanda, yaliyoanzishwa 1994 kwa kazi hiyo hasa. Mwaka 1995 shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo mjini Bujumbura, na miaka miwili baadaye ikatoka kwenye studio hiyo tamthilia ya Umubanyi Niwe Muryango ya mwandishi Marie-Louise Sibazuri, kuhusu familia jirani za makabila mawili. Tamthilia hiyo ilifuatiliwa nchi nzima.

Kwa vijana, mahali pa kupata kitu kipya palikuwa Centre Jeunes Kamenge. Kituo hicho kilianzishwa na wamisionari Waxaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuongozwa kwa muda mrefu na padri Mwitaliano Claudio Marano. Kililenga vijana wa komuni sita za kaskazini za wakati ule: Buterere, Cibitoke, Gihosha, Kamenge, Kinama na Ngagara. Palikuwa na viwanja vya michezo, maktaba, masomo ya lugha na, baadaye, kompyuta. Kijana wa Kihutu na wa Kitutsi waliweza kukaa benchi moja hapo, jambo ambalo barabarani lilikuwa la hatari. Kituo kilipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002. Mzazi aliyeogopa mambo ya kompyuta alijua angalau mwanawe yuko wapi, na kwamba skrini anayoitazama wanaitazama wengine pia.

Simu yenyewe kwa miaka mingi haikuwa ya mtu wa Kamenge. Laini za mezani za ONATEL, kampuni ya simu ya taifa, zilikuwa za ofisi na za nyumba za wenye nafasi. Kampuni ya Telecel ilileta simu za mkononi nchini katika miaka ya 1990, kwa bei isiyogusika. Bei ilipoanza kushuka, miaka ya 2000, mtaani palijaa vibanda vya kupigia: meza, mwavuli, simu moja, na kijana anayehesabu dakika. Aliyepiga aliongea mbele za watu. Hata simu ilipoingia nyumbani iliingia moja, ikakaa mfukoni mwa baba, na aliyetaka kumpata binti alipitia kwa baba kwanza. Kubipu ndiko kulikokuwa uhuru pekee wa mwanafunzi.

Mambo yalibadilika ghafla. Simu janja za bei nafuu kutoka China zilienea, na mwaka 2015 kampuni ya Lumitel ya Viettel, kutoka Vietnam, iliingia sokoni na kuongeza ushindani. Mwaka huohuo, mwishoni mwa Aprili, Bujumbura ililipuka kwa maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Kamenge, yenye wafuasi wengi wa chama tawala, haikuwa kitovu cha maandamano. Majirani zake Cibitoke na Ngagara ndio waliowaka. Serikali ilizuia WhatsApp, Viber na Facebook, na vijana wakajifunza haraka kupita vizuizi kwa programu za VPN. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei, redio kubwa za binafsi zilishambuliwa na kunyamazishwa, miongoni mwao RPA, Bonesha na Isanganiro. Waandishi waliobaki walianzisha SOS Médias Burundi, iliyotoa habari zake kwenye mitandao ya kijamii.

Hapo ndipo ua na redio vilipoachana. Habari sasa zilikuja kwenye kioo cha kijana, kwa sauti iliyorekodiwa au picha iliyotumwa na asiyejulikana, na mzazi aliyeketi pembeni hakuzisikia. Agosti 2016 polisi waliwakamata watu zaidi ya 50 wa kundi moja la WhatsApp mjini Bujumbura, na wanane wakashtakiwa. Miezi michache kabla, wanafunzi walikuwa wamekamatwa na wengine kufukuzwa shule kwa kuchorachora picha ya rais vitabuni. Ikiwa kalamu ilitosha kumfikisha mtoto jela, mzazi hakuhitaji mtaalamu wa malezi kumweleza hatari ya simu. Mei 2018 matangazo ya BBC na VOA yalisimamishwa, na simu ikazidi kushika nafasi ya redio.

Janga la korona liliongeza tofauti nyingine. Kenya ilifunga shule Machi 2020 na Uganda iliziacha zimefungwa, kwa sehemu kubwa, hadi Januari 2022. Huko wazazi wengi walinunua simu kwa jina la masomo, na baadaye ikawa vigumu kuzirudisha. Burundi haikufunga shule zake. Sera hiyo ililaumiwa kwa sababu za kiafya, na lawama hiyo ilikuwa na msingi, lakini iliwaondolea wazazi wa Kamenge shinikizo ambalo wenzao wa Kampala hawakuweza kulikwepa. Simu haikuwahi kuwa daftari. Imebaki kitu cha mawasiliano, burudani na pesa.

Pesa ndiyo inayolivuruga swali la kumpa au kutompa. Kizazi kilichokuwa na umri wa shule mwaka 1995 kilipoteza miaka ya masomo kambini na milimani, na wapo wazazi wa Kamenge wasiosoma ujumbe wa Lumicash, huduma ya pesa ya Lumitel, bila msaada. Anayesoma ni mtoto. Ndiye anayethibitisha kwamba pesa kutoka kwa mjomba zimefika, anayebonyeza namba ya siri, anayenunua bando la siku. Umeme nao hukatika mara kwa mara, hivyo ndiye anayetumwa kuichajisha simu dukani na kuisubiri. Kijana wa namna hiyo hangoji kupewa simu. Amekuwa akiishika tangu kabla ya kubalehe, na kinachobishaniwa nyumbani ni saa ngapi airudishe.

Sheria inaliacha jambo hilo mlangoni kwa mzazi. Laini husajiliwa kwa karangamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, na mtoto ambaye hajapata yake hutumia laini ya baba au mama. Anachokituma usiku kwenye kundi la darasa kinatoka kwa jina la mzazi, na likizuka la kuzuka, wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina.