Pesa ya nje, kumbukumbu ya nyumbani: Rithy Panh wa Kamboja

Wandugu, mara nyingi nasikia: bila serikali kutoa makuta, sinema haiwezekani. Mimi naomba tuangalie Kamboja.

Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge waliingia Phnom Penh. Mpaka utawala wao unaanguka Januari 1979, walikuwa wameua watu zaidi ya milioni moja, na sinema ya inchi ikafa nao. Kijana Rithy Panh alipoteza wazazi, akakimbilia Thailand, kisha Ufaransa, akasomea sinema Paris.

Nyumbani pesa ya filamu hakuna. Njo maana akatafuta wabia. Neak Sre (1994) ilitengenezwa na Kamboja, Ufaransa, Uswisi na Ujerumani pamoja, lakini ni hadithi ya wakulima wa mpunga, na wanaongea Kikhmer. Ikaingia mashindano ya Cannes. Mwaka 2013 akaleta L'image manquante, kwa ubia na televisheni Arte: sanamu ndogo za udongo zinashika nafasi ya picha ambazo hazipo. Ikashinda zawadi ya Un Certain Regard kule Cannes.

Lakini filamu hiyo inasimuliwa kwa Kifaransa. Sasa ni ya nani?

Jibu naliona Phnom Penh, kwenye kituo cha Bophana alichoshiriki kuanzisha mwaka 2006. Pale vijana wanaangalia bure picha za zamani za inchi yao, na wanajifunza kutengeneza filamu zao wenyewe.

Kwangu mimi, ubia njo huo: pesa inaweza kutoka nje, lakini picha na ufundi virudi nyumbani. Ninyi munaonaje?