Vidole havikuliwa na ukoma: historia ya mpini na sufuria

Katika miaka ya 1930, daktari Mmarekani Carl Becker alianzisha kazi ya hospitali huko Oicha, wilayani Beni. Karibu na hospitali kulikuwa na kijiji cha wagonjwa wa ukoma, na kadiri miaka ilivyopita maelfu walitibiwa hapo, hadi vita vya Simba vya mwaka 1964 vilipomlazimisha Becker kukimbia. Wakati ule, karibu kila mahali duniani watu waliamini kwamba ukoma unakula vidole. Mtu akipoteza kidole, walisema ugonjwa umekichukua na hakuna la kufanya.

Jibu lilitoka mbali, India. Mwaka 1946 daktari wa upasuaji Paul Brand alifika Vellore, kusini mwa nchi hiyo. Siku moja alishindwa kufungua kufuli lenye kutu. Mvulana mwenye ukoma aliushika ufunguo, akauzungusha, kufuli likafunguka. Brand alishangaa nguvu za mtoto, kisha akaona damu inadondoka. Ufunguo ulikuwa umekata kidole cha mvulana hadi kwenye mfupa, naye hakusikia chochote.

Tangu hapo Brand na wenzake walifuatilia kila kidonda na kuuliza kimetoka wapi. Kumbe ukoma hauli nyama ya mtu. Vijidudu vyake, vilivyogunduliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873, huharibu mishipa ya fahamu. Mkono usiosikia maumivu hauachii sufuria ya moto, wala haulegezi jembe linalochubua. Vidole vilikuwa vinaishia jikoni na shambani.

Brand alifanya upasuaji na kunyoosha vidole vilivyokunjamana. Lakini mkono uliotengenezwa hospitalini ungeweza kuungua tena nyumbani. Kwa hiyo vyombo navyo vilipaswa kubadilishwa. Huko Vellore wagonjwa walifundishwa useremala, na mikono yao ilikaguliwa kila siku ili jeraha lionekane mapema.

Sababu yake ni rahisi. Mpini mwembamba unakandamiza sehemu ndogo ya kiganja, na ngozi inapasuka. Mpini mnene na laini unagawa uzito kwenye kiganja chote, na hata vidole visivyofumba vizuri vinaweza kuushika. Basi kijiko, kisu na jembe huzungushiwa vitambaa au mpira wa ndani wa baiskeli. Sufuria huwekewa vishikio vya mbao, au huepuliwa kwa kitambaa kinene na kikavu. Kikombe cha bati hufunikwa ili kisichome. Kama vidole havishiki kabisa, ukanda hufungwa kiganjani na kijiko huchomekwa ndani yake. Njia hizo zinamfaa pia aliyekatwa na panga, aliyepigwa risasi mkononi au aliyepooza upande mmoja.

Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa mchanganyiko zinazoponya ukoma, na tangu 1995 dawa hizo hutolewa bure. Ila dawa inaua vijidudu tu. Mshipa uliokufa zamani haurudi. Mtu amepona, lakini kiganja chake bado hakisikii moto.

Hapo ndipo historia hii inapofika kwenye kambi za wahami. Familia inapokimbia usiku, inabeba watoto na labda sufuria moja. Jembe lenye mpini ulioviringishwa mpira linabaki nyumbani. Mama mwenye mikono iliyokufa ganzi anaazima chombo kisicho na vishikio na kukiepua kwenye mbabula. Jirani mwingine anakataa hata kumwazima, akiogopa kuambukizwa, ingawa ukoma hauenezwi kwa kula pamoja, na aliyeanza dawa haambukizi tena.

Kitambaa kikuukuu na kipande cha mpira vinapatikana hata kambini. Kuvifunga kwenye mpini ni kazi ya dakika chache, na anayeweza kuifanya ni jirani mwenye vidole vizima.