Kabla ya WhatsApp kulikuwa redio: historia fupi ya kujifunza kwa mbali

Wasomi wenzangu, munajua vile inaendaka. Tangazo la masomo ya mtandaoni linapita mu kikundi, watu wanajiandikisha makumi kwa makumi juu ya ile sertifika ya mwisho. Wiki ya pili, kimya. Kwetu Kyavinyonge tunasema ni rezo, ni mega zenye kuisha mbio, ni umeme wa kutafuta kwa mwenye pano ya jua. Yote ni kweli. Siku zingine simu inakamata rezo ya Uganda, ng'ambo ya ziwa, na inite zinaliwa bure.

Lakini mimi nilisoma historia, na historia inanizuia kuamini kama sababu kubwa ni hiyo.

Mwaka 2012 vyuo vya Harvard na MIT vilianzisha edX, masomo ya bure kwa dunia nzima. Walipochapisha hesabu zao wenyewe, ilionekana wazi: sehemu kubwa sana ya walioandikishwa hawakufika mwisho. Na wengi kati yao walikuwa na rezo nzuri, umeme, meza na kiti. Kumbe kuna kitu kingine chenye kukosekana.

Hicho kitu nilikipata Tanzania, mwaka 1973. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam iliendesha kampeni ya redio yenye jina Mtu ni Afya. Ilikuwa somo la wiki 12 juu ya malaria, kuhara, maji safi, vyoo. Walioshiriki walikaribia milioni 2, wengi wao wakulima wa vijijini, na wengine ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza kusoma. Chombo chao kilikuwa redio ya betri, sauti ya upande mmoja tu: huwezi kuuliza swali, huwezi kurudisha nyuma.

Sasa angalia namna walivyopanga. Hakuna aliyeachwa peke yake na redio. Watu walikusanyika kikundi kwa kikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa mbele. Viongozi hao walikuwa kama 75,000. Mkutano ulifuata utaratibu mmoja: kusikiliza kipindi, kusoma ukurasa wa kitabu kidogo, kujadiliana, kisha kuamua kazi ya kufanya kijijini. Baada ya hapo watu walichimba vyoo kwa maelfu na maelfu. Njia hiyo ilikuwa na mizizi mbali: wakulima wa Kanada walikuwa wanakutana hivyo kando ya redio tangu 1941. Watanzania nao walikuwa wamekwisha kuijaribu 1971, katika kampeni ya Wakati wa Furaha, uhuru ulipotimiza miaka 10.

Mimi nikisoma habari hiyo, kinachonishangaza si ile milioni 2. Ni kwamba fikra nyingi ziliwekwa kwa kiongozi wa kikundi kuliko kwa chombo chenyewe.

Linganisha na ya kwetu. Tarehe 18 Machi 2020, juu ya Covid, Rais Tshisekedi alitangaza kufunga masomo na vyuo nchi nzima. Huku Beni na Butembo tulikuwa hatujatoka mu Ebola iliyoanza Agosti 2018. Radio Okapi ikaleta Okapi École, vipindi vya masomo hewani, na kweli ilikuwa msaada. Lakini mtoto alisikiliza peke yake, kama kwao kulikuwa redio na kama hakutumwa ziwani saa ile. Madarasa ya mwisho yalirudi tarehe 10 Agosti, kisha Desemba yote yakafungwa tena hadi Februari 2021.

Tangu pale neno "mtandaoni" limeingia mu vyuo vyetu. Sehemu zingine maana yake ni hii: asistanti anatuma PDF ya kurasa 80 mu WhatsApp, anaandika "some vizuri", na siku ya mtihani munakutana. Hiyo ni kutuma karatasi, tusiite kufundisha. Mwalimu wa mbali anayefundisha anakata somo vipande vidogo, anatoa swali kwa kila kipande, anarudisha majibu na masahihisho kabla ya kipande chenye kufuata. Sauti ya dakika 5 inatosha, na inakula mega kidogo kuliko video.

Na mwanafunzi naye? Watu 5 wa Kyavinyonge wenye somo moja wanaweza kuchanga forfe moja, mmoja anapakua, wote wanasikiliza kwa simu moja mangaribi kabla ya mitumbwi kuingia ziwani. Kiongozi abadilike kila wiki, naye asome kipande mbele ya wengine. Ambaye hakuja, afuatwe nyumbani.

Naandika haya juu ya vijana ninaowajua, watoto wa wavuvi na wa bamama wenye kuuza samaki, ambao wazazi wanaogopa kuwatuma kwa barabara ya Beni-Kasindi kwa ajili ya mashambulizi, ao hawana minerval na kodi ya chumba Butembo. Kwao somo la simu ndilo oditoriamu yenyewe, hakuna ingine. Mwenye kutaka kuanza kikundi cha watu 5, aandike hapa chini jina la somo na siku anayopata nafasi. Mimi niko tayari kwa kile cha historia, Jumanne na Alhamisi.