Watoto wa Kambo katika Tembe za Unyanyembe

Isevya, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Tabora, imo katika nchi iliyokuwa Unyanyembe, mojawapo ya temi kubwa za Wanyamwezi, ambako njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika kuelekea Ujiji na kuelekea kaskazini. Katika miaka ya 1850 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walijenga hapo makao ya Kazeh, ambayo Richard Burton na John Speke waliyafikia Novemba 1857, na kwa kuwa safari ya pembe za ndovu iliweza kudumu miaka kadhaa, mwenye mke Unguja alioa tena bara. Hivyo tembe, yaani nyumba yenye paa la bapa iliyozunguka ua, ilikusanya watoto wa mama tofauti, na pengine wa baba tofauti. Na utulivu wake haukutegemea mapenzi ya wanandoa peke yake, bali pia jawabu la swali la mtoto ni wa nani, ambalo sheria mbili zililijibu kwa njia mbili.

Kwa mila ya Kinyamwezi, jambo lililoamua lilikuwa mahari. Katika ndoa ya kukwa, ambayo mume alitoa mahari, watoto walihesabiwa kuwa wa upande wa baba, ilhali katika muungano ulioitwa butende, usiokuwa na mahari, walibaki upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu yao. Mama aliyeolewa kwingine aliweza kufuatana na mtoto mchanga hadi kwa mume mpya, lakini malezi ya baba wa kambo hayakuufuta ukoo wa mtoto huyo.

Sheria ya Kiislamu, kwa upande wake, ilimpa mtoto wa ndoa nasaba ya baba yake, na mtoto wa suria, yaani kijakazi aliyezaa na bwana wake, alikuwa huru na mrithi iwapo bwana alimkubali kuwa wake. Mtoto wa kambo hakurithi kwa mlezi wake. Aliyetaka kumwachia kitu alipaswa kuacha wosia usiozidi theluthi ya mali.

Familia ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, inaonyesha jinsi mahusiano hayo yalivyotumika. Baba yake, Muhammad bin Juma, mwenye mke wa Kiarabu Unguja, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, akawa mkwe wa utawala wenyewe, na mwanawe akapata mama wa kambo mwenye ukoo wa kitemi. Kwa upande wa pili, Tippu Tip alikuwa na ndugu wa mama mmoja na baba mbali, Muhammad bin Masud al-Wardi, ambaye alishirikiana naye katika biashara ya bara, kwa kuwa mtaji na imani vilifuata undugu wa tumbo kama vilivyofuata nasaba.

Ukwe na Fundikira, hata hivyo, ulikuwa na gharama zake. Fundikira alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, Mnywa Sele aliyemrithi aligombana na Waarabu juu ya ushuru wa bidhaa, nao wakapigana naye, wakamwondoa na kumsimika Mkasiwa mahali pake. Na kwa aliyeoa katika ukoo wa Fundikira, vita hivyo vilikuwa pia ugomvi wa wakwe.

Hata baada ya enzi ya misafara, sheria hizo mbili hazikutoweka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliziweka ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja nchini Tanzania, lakini mirathi iliendelea kuongozwa na sheria mbalimbali, zikiwemo za Kiislamu na za kimila. Kwa hiyo, katika mji kama Tabora, ambako Uislamu na mila ya Kinyamwezi vimekaa pamoja kwa zaidi ya karne moja na nusu, anayetaka kujua fungu la mtoto wa kambo hulazimika kwanza kujua marehemu aliishi kwa sheria ipi.